Mwanamke Aliyevuka Afrika kwa Ndege Ndogo

Tarehe 9 Machi 1928 ndege moja ndogo iliondoka katika kiwanja cha Stag Lane, karibu na mji wa London, Uingereza. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu: mwanamke wa miaka 37, mama wa watoto 5. Jina lake lilikuwa Bibi Mary Bailey. Hakuwa na fundi, wala msaidizi, wala redio ya kuita watu. Alitaka kufika Cape Town, huko kusini kabisa kwa Afrika, alikokuwa mume wake. Njia hiyo ni karibu kilometa 13,000.

Siku hizi ndege kubwa hutoka Ulaya na kufika Kinshasa kwa muda wa saa 8 hivi. Abiria hula, husoma, hulala, na kumbe amefika. Zamani zile haikuwa hivyo. Katika somo hili tutaona ndege ya Bibi Bailey ilikuwa ya namna gani, alionaje njia, kwa nini Tabora ni mahali pagumu kwa ndege, na alifanya nini ndege yake ilipovunjika huko. Tena kila msomaji ajiulize: je, safari hii ilikuwa ushujaa au ukaidi?

1. NDEGE NYEPESI

Mwaka wa 1925 Mwingereza mmoja, Geoffrey de Havilland, alitengeneza ndege ndogo akaiita Moth. Maana ya jina hilo ni nondo, yule mdudu anayezunguka taa usiku. Jina lilifaa, kwa sababu mbawa za ndege hii ziliweza kukunjwa nyuma kama mbawa za mdudu. Zikikunjwa, ndege iliingia katika banda dogo tu.

Mwili wa Moth ulikuwa wa mbao nyembamba. Mbawa zake zilikuwa fito za mbao zilizofunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kikapakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Kila upande ulikuwa na mbawa mbili, moja juu ya nyingine. Kutoka ncha ya bawa hata ncha ya pili ni mita 9 hivi. Bila mtu na bila petroli, ndege nzima ilikuwa na uzito wa karibu kilo 400. Haikuwa na paa. Rubani aliketi wazi, kichwa nje, akipigwa na upepo, mvua na jua.

Na mashini yake? Baada ya vita ya 1914-1918 zilibaki mashini nyingi za ndege za vita zilizotengenezwa na Renault, zenye silinda 8. Fundi Frank Halford alitumia vipande vyake akafanya mashini mpya ya silinda 4 tu, yenye nguvu kama za farasi 60. Baadaye iliongezwa nguvu. Kwa mashini hiyo Moth ilikwenda karibu kilometa 130 kwa saa. Motokaa nzuri katika barabara nzuri yaweza kwenda vivyo hivyo. Lakini motokaa haivuki ziwa, wala kinamasi, wala msitu.

Labda utauliza: kitu chenye uzito kinapandaje hewani? Kumbuka siku ulipobeba bati wakati wa upepo. Ukiliinua kidogo upande wa mbele, upepo unaingia chini yake na kutaka kukunyang'anya. Bawa la ndege ni kama bati hilo. Linalala kwa mshazari kidogo, linasukuma hewa chini, na hewa inalisukuma juu. Kama hakuna upepo, ndege hujifanyia upepo wake yenyewe kwa kukimbia mbio. Kwa hiyo ndege ya namna hii haiwezi kusimama hewani. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, hewa haiishiki tena, nayo huanguka. Shika neno hili, kwa maana tutalihitaji tutakapofika Tabora.

2. WALIOTANGULIA

Bibi Bailey hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1919 Waingereza walituma watu kutafuta viwanja vya ndege kutoka Cairo hadi Cape Town. Viwanja hivyo havikujifanya vyenyewe. Wenyeji kwa mamia walikata miti, waling'oa visiki, walivunja vichuguu vya mchwa na kusawazisha ardhi. Kazi ya namna hiyo ilifanyika hata Ndola, karibu na mpaka wa Katanga. Vitabu vinataja majina ya marubani. Majina ya waliovunja vichuguu hayakuandikwa, lakini bila wao hakuna rubani ambaye angetua.

Mwaka wa 1920 watu wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walitoka London wakafika Cape Town. Ndege mbili ziliwavunjikia njiani, wakafika kwa ndege ya tatu.

Kuja Kongo, wa kwanza alikuwa Mbelgiji Edmond Thieffry. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na wenzake wawili, katika ndege kubwa yenye mashini 3. Walivuka Sahara wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Lakini jumla ya saa walizokaa hewani ilikuwa karibu 75 tu, yaani siku 3 na saa 3. Siku nyingine zote zilikwenda wapi? Zilikwenda katika kutengeneza, kungojea vyombo, kungojea petroli na kungojea hali njema ya hewa. Tazama basi: katika safari ya namna hii kuruka ni kazi ndogo, kungojea ni kazi kubwa.

Halafu, Septemba 1927, rubani kijana wa Afrika Kusini, Dick Bentley, alitoka London akafika Cape Town kwa siku 28, peke yake, katika Moth. Ndipo watu walipojua ya kuwa hata ndege ndogo yaweza kuvuka Afrika.

3. KUONA NJIA MAHALI PASIPO NJIA

Hewani hakuna barabara wala kibao cha kuonyesha mji. Rubani wa zamani alikuwa na vitu vitatu: ramani, dira na saa. Dira ilimwonyesha upande wa kwenda. Saa ilimwambia amekwenda muda gani. Kwa mwendo wa kilometa 130 kwa saa, baada ya saa 2 amekwenda kilometa 260. Anaweka kidole juu ya ramani na kusema: niko hapa.

Lakini hesabu hiyo ni kweli siku isiyo na upepo tu. Mwenye mtumbwi anayevuka mto anajua neno hili. Akielekeza mtumbwi wake sawasawa kwenye mti wa ng'ambo, mkondo utamshusha, naye atafika chini ya ule mti. Hewa nayo ina mkondo wake. Upepo wa kilometa 30 kwa saa ukimpiga rubani ubavuni kwa muda wa saa 3, umemtupa kilometa 90 nje ya njia, naye hakusikia kitu. Kwa hiyo, kama mwenye mtumbwi, rubani sharti aelekee kidogo upande unakotoka upepo.

Ndiyo maana marubani wa kwanza walipenda kufuata kitu wanachokiona: pwani, mto, ziwa au reli. Katika Kongo, miaka ya 1920 hadi 1922, ndege zenye miguu ya kuelea majini zilifuata mto mkubwa kati ya Léopoldville na Stanleyville, yaani Kisangani. Njia ile ni karibu kilometa 1,700. Mto uliwaonyesha njia, tena mashini ikizimika, mto ndio uliokuwa kiwanja chao.

Bibi Bailey naye alifuata alama za namna hiyo. Alishuka Ufaransa na Italia, akavuka bahari ya Mediteranea kupitia kisiwa cha Malta, akafuata pwani ya Afrika ya Kaskazini hadi Cairo. Mbele yake ulikuwako mto Nile, njia ndefu ya maji inayotoka kusini.

4. MLANGO ULIOFUNGWA CAIRO

Hapo Cairo alikuta kizuizi ambacho hakikuwa upepo wala mashini. Wakuu wa serikali walimkataza kuendelea. Walisema mwanamke asipite peke yake juu ya Sudan ya kusini, kwa kuwa ni hatari. Ndege yake ikazuiwa bandani. Wanaume walikuwa wamepita, naye alikuwa na ndege ile ile na ruhusa ya urubani ile ile.

Bibi Bailey hakutoroka, na hakukata tamaa. Alisemezana nao mpaka shauri likapatikana: Dick Bentley, yule rubani wa Moth, amsindikize kwa ndege yake mwenyewe juu ya sehemu ile ya Sudan. Basi wakapita, ndege mbili kwa pamoja, na baadaye Bibi Bailey akaendelea peke yake kuelekea Ziwa Victoria.

Wakati huo huo mwanamke mwingine, Bibi Mary Heath, alikuwa akija kutoka kusini kwenda Ulaya kwa ndege ndogo. Naye alifika London tarehe 17 Mei 1928. Hivyo katika mwaka mmoja wanawake wawili walijibu swali la wale wakuu wa Cairo.

5. TABORA

Tarehe 10 Aprili 1928 Bibi Bailey alifika Tabora, katika nchi ya Tanganyika, leo Tanzania. Alipotua, ndege iligonga chini ikavunjika. Yeye mwenyewe alitoka salama. Lakini ndege haikufaa tena.

Tabora si mahali pepesi kwa ndege. Miaka minane kabla yake, tarehe 27 Februari 1920, ndege kubwa ya mashini 2 iliyokuwa ikienda Cape Town iliharibika papo hapo Tabora. Tena siku chache baadaye, Machi 1920, ndege ya van Ryneveld na Brand ilianguka Bulawayo. Kwa nini miji hii? Tusidhani ni uchawi. Tutazame ramani. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Bulawayo iko juu zaidi. Lubumbashi nayo iko juu namna hiyo.

Kadiri tunavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Joto nalo huieneza hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Basi katika mji wa juu, saa ya jua kali, hewa ni nyepesi mara mbili: kwa sababu ya kimo na kwa sababu ya joto. Kumbuka sasa neno la bati na upepo. Hewa ikiwa nyepesi, humshika rubani kidogo tu. Ili asianguke, sharti ndege iende mbio zaidi. Anapoondoka anahitaji kiwanja kirefu zaidi. Anapotua, anagusa ardhi kwa kasi kuliko alivyozoea kwao. Mashini nayo hupumua hewa kama sisi, na katika hewa nyepesi nguvu zake hupungua.

Marubani waliojifunza Ulaya, katika nchi ya baridi na ya chini, hawakuwa na mazoea hayo. Afrika iliwafundisha, na mara nyingi iliwafundisha kwa ukali. Ndiyo maana walishika desturi ya kuondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali. Desturi hiyo ilikuwa na faida ya pili: mchana mawingu makubwa hukua, na alasiri huja radi na dhoruba. Ndege ya mbao na kitambaa haina la kufanya ndani ya wingu la namna ile.

Sasa fikiri hali ya Bibi Bailey. Amesafiri mwezi mmoja. Ndege yake ni vipande. Mtu angemlaumu kama angepanda treni na kwenda zake? Lakini wahenga wetu walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipeleka habari kwa mume wake. Moth nyingine ikatafutwa Afrika Kusini, na rubani mmoja akaileta mpaka Tabora. Bibi Bailey akaipanda, akaendelea. Tarehe 30 Aprili 1928, siku 20 baada ya kuanguka, alitua Cape Town. Toka London ni siku 52.

6. KURUDI KWA NJIA YA KONGO

Wengi walidhani sasa atarudi kwao kwa meli. Lakini Septemba 1928 aliondoka tena katika Moth, peke yake. Safari hii hakufuata Nile. Alichukua njia ya magharibi, nayo ilipita katika Kongo.

Anayejua nchi yetu anaelewa uzito wa shauri hilo. Katika nchi kavu yenye nyasi fupi, mashini ikizimika, rubani aweza kutafuta mahali pa kutua. Juu ya msitu mkubwa hakuna mahali. Chini ni vilele vya miti tu, kama bahari ya kijani, na ndege ikianguka humo majani hufunga tena kama maji. Kwa hiyo kila asubuhi rubani sharti akague mwenyewe: mafuta, petroli, maji ndani ya petroli, nyaya, kitambaa cha mbawa, misumari. Bibi Bailey alijua pia hatari ya uzembe mdogo. Mwaka wa 1927, alipokuwa akiwasha ndege kwa mkono, rafadha, yaani ule ubao wa mbele unaozunguka, ilimpiga kichwani ikamjeruhi vibaya. Alipona, akarudi kuruka.

Kutoka Kongo alifuata Afrika ya Magharibi mpaka Senegal, akapita pwani ya jangwa, kisha Moroko, Hispania na Ufaransa. Tarehe 16 Januari 1929 alitua katika kiwanja cha Croydon, karibu na London. Kwenda na kurudi alikuwa amesafiri karibu kilometa 29,000. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameruka peke yake safari ndefu kama hiyo. Mwaka wa 1930 mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya heshima. Alifariki mwaka wa 1960.

7. USHUJAA NA UKAIDI

Turudi kwa swali letu. Si wote waliorudi nyumbani. Edmond Thieffry, yule wa kwanza kufika Kongo kutoka Ubelgiji, alirudi tena ili kutafuta njia za ndege ndani ya nchi. Tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka katika dhoruba karibu na Ziwa Tanganyika. Yeye na rubani mwenzake walikufa, fundi wao akaokoka. Thieffry hakuwa mjinga wala mwoga. Alikuwa rubani hodari wa vita. Hata hivyo dhoruba ilimshinda.

Basi tusiseme ya kuwa mwenye bidii hapatwi na mabaya. Hiyo si kweli, na mtoto mwenye macho anajua. Ukaidi na ushujaa hukutana na hatari ile ile. Tofauti ni hii: mkaidi haangalii hatari, shujaa huiangalia sana. Mkaidi huondoka saa yoyote, shujaa hungojea alfajiri. Mkaidi akianguka huilaumu ndege, shujaa huuliza hewa ya Tabora ina nini. Akiisha kufanya yote yaliyo katika uwezo wake, anajiweka mikononi mwa Mungu. Kanisa nalo halikuwasahau watu hao: mwaka wa 1920 Papa Benedikto XV aliwapa marubani Bikira Maria wa Loreto awe msimamizi wao.

Hata leo ndege ndogo hutua katika viwanja vya nyasi vya nchi yetu, mahali ambapo barabara ni mbovu au hakuna kabisa. Huleta dawa, barua na daktari, na hurudi na wagonjwa. Rubani wake anajua urefu wa kiwanja, kimo cha mlima na joto la saa sita. Mambo hayo hayakuja bure. Yalilipwa na watu waliovunja ndege zao, na wengine waliolipa kwa maisha yao.

Ukimwona rubani wa namna hiyo anaizunguka ndege yake polepole asubuhi, anagusa huku, anatazama kule, usidhani anaogopa. Anafanya kazi yake.

MASWALI

1. Kwa nini ndege ya Bibi Bailey iliitwa Moth?
2. Thieffry alisafiri siku 51, lakini alikaa hewani karibu saa 75 tu. Siku nyingine alifanya nini?
3. Upepo wa kilometa 20 kwa saa unampiga rubani ubavuni kwa muda wa saa 4. Umemtupa kilometa ngapi nje ya njia?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini ni vigumu kutua Tabora wakati wa mchana kuliko alfajiri.
5. Wakuu wa Cairo walimkataza Bibi Bailey. Je, walifanya haki? Toa sababu zako.
6. Taja kazi moja ya kijijini kwenu ambayo mkaidi na shujaa huifanya kwa namna mbili.